Bado Kidogo, Baba

Harufu ya asali iliyomwagikia jani kavu la mgomba hunikalisha chini hata niwe na haraka ya namna gani.

Baba alikuwa akivuta kamba ya kivuko pale Garsen. Mwaka wa mafuriko, mzungu aliyekwama kwetu wiki nzima alimjazia kiko chake tumbaku ya mkebe. Mzungu alipoondoka, tumbaku yetu ya kienyeji kutoka Ndera ikawa kwa baba moshi mtupu.

Basi kila alasiri, akiitafuta ladha ya ile ya mkebe, alichanganya tumbaku na asali, ukwaju, hata maganda ya ndizi, akafunga kwenye jani la mgomba, akalikalia kama kuku anayeatamia. Mkebe mtupu, ambao bado ulinukia, niliachiwa mimi, bintiye, kwa hiyo pua yangu ndiyo ikawa hakimu.

“Nusa, mama. Ndiyo yenyewe?”

“Bado kidogo, baba.”

Akacheka, akanisogezea jamvi tuanze upya.

Siku moja aliipata. Ilikuwa harufu ya mkebe kabisa, ya nyasi kavu zenye utamu. Nikamtazama anavyosubiri, nikaiwaza kesho isiyo na jamvi lile.

“Bado,” nikasema.

Baba akaukung’utia mtoni mchanganyiko wote, akanisogezea jamvi.