Kazi ilipungua Isiolo, nikapunguza siku badala ya kufuta Mwenda

Wakuu, salaam aleikum. Na nyinyi wa kanisa, habari zenu.

Shule niliacha nikiwa mdogo sana, kwa hivyo Kiswahili yangu mtavumilia. Lakini hii ni ukweli. Karakana yangu iko Chechelesi, mwenye anabisha akuje aone.

Natengeneza mikokoteni ya punda, ile ya kubeba maji. Nilianza na nyundo ya kuomba. Leo nina mafundi.

Sasa kazi ikapungua. Mkokoteni mmoja, mafundi wote wanauzunguka kama nzi. Nikaamua Mwenda aende. Ni Mmeru, ndiye aliingia mwisho, na bibi yake alikuwa na mimba. Iliniuma, lakini nikamwita.

Guyo, fundi wangu wa kwanza, Mborana kama mimi, akazima machine.

"Abba, kwetu Korbesa mtu akimaliziwa ng'ombe na kiangazi, si tunampa mmoja akamue? Huyu unamfukuza aje na ng'ombe wako ako hai?"

Nikamwambia Mwenda arudi kwa kazi. Wakuu, mimi nililelewa na hiyo maziwa. Baba yangu alipewa ng'ombe hivyo hivyo.

Basi tukagawa kazi. Guyo na wenzake wa msikiti wakapumzika Ijumaa na Jumamosi. Mwenda wa kanisa, Jumapili na Jumatatu. Mshahara ikashuka kwa kila mtu, sitawadanganya. Walinung'unika.

Jirani yangu, pia wa welding, alifuta watu wake wote. Akanicheka kwa barabara: "Mzee, hii ni karakana ama lodging? Watu wako ni kulala tu!"

Hakuona kitu moja. Zamani Ijumaa nilikuwa nafunga, na ndiyo siku watu wengi wa Garbatulla huingia mjini. Sasa wanapata Mwenda ako hapo, moto inaruka. Order zikaingia. Nikarudisha mshahara ya zamani, na siku za kazi zikabaki chache vile vile. Nikaandika fundi mwingine. Mnajua nani? Mmoja wa wale jirani alifukuza!

Ijumaa iliyopita natoka kuswali, napata lori ya jirani kwangu. Mwenda ako chini yake anachoma chuma.

"Mzee, ni wewe tu umefungua," jirani akasema.

"Kaa hapo. Hii lodging iko na chai."

Kwa hivyo wenye biashara, kazi ikipungua, angalieni siku kwanza kabla mguse mtu. Wale mmesoma uchumi, njooni mniambie nimekosea wapi.

Lakini jueni bibi ya Mwenda alijifungua kijana, na wamemwita Guyo. Mmeru anaitwa Guyo, wakuu! Haya, bishaneni na huyo.