Siku Tisa za Jina la Sia

Sia Mushi ameshona mahema Ngarenaro kwa miaka kumi na mmoja, na kila hema linatoka na kitambaa kilichoandikwa jina la tovuti yake. Zipu ikikatika huko juu Mlima Meru, mwenye hema anamtafuta kwa jina hilo. Kampuni za utalii zinaagiza kwa jina hilo. Sasa zilikuwa zimebaki siku tisa malipo ya mwaka ya jina hilo yaishe, na Sia alikuwa hakai kitini.

Kuchelewa kulipia kwenyewe kulikuwa kwa makusudi. Vibanda vitatu alivyowahi kupanga alivihama siku ya mwisho ya kodi, cherehani mabegani mwa wabebaji, asimwachie mwenye nyumba hata Jumapili moja. Jina nalo alipanga kulihamishia kwa wakala mwingine hivyo hivyo.

Akaenda Daraja Mbili kwa Ephraimu, wakala aliyemsajilia jina hilo.

"Shikamoo, Mama Violet."

"Marahaba. Kuna kampuni mtandaoni inanichukua kwa elfu ishirini na tano. Wewe unaniambia sitini na tano. Tusemezane."

"Hiyo ishirini na tano ni ya kuhamia tu. Mwakani watakutoza bei yao ya kawaida."

"Ambayo ni ngapi?"

"Hukuwauliza?"

Hakuwauliza, na jambo hilo lilimkera kuliko bei. "Nipe bei yako ya mwisho."

"Ndiyo hiyo, mama. Na mimi nanunua kwa watu."

"Basi nipe namba ya siri ya kuhamishia."

Sia akainuka kama anavyowainukia wauza turubai wa soko la Kilombero: hatua tatu, asimame kutafuta kitu mkobani, hatua mbili tena. Kule hajawahi kufika barabarani bila kuitwa arudi apunguziwe bei. Nyuma yake Ephraimu akabofya kompyuta kidogo, na simu ya Sia ikalia mkobani.

"Namba hiyo, mama. Karibu siku nyingine."

Mchana huohuo akalipa ile ishirini na tano kwa hasira, akaingiza namba. Jibu likaja: uhamisho unaweza kuchukua hadi siku saba. Saba kutoka tisa. Alipiga hesabu hiyo mara nyingi, kana kwamba safari moja ingempa jibu jingine.

Siku ya pili alitazama simu mpaka akashona dirisha la hema upande. Pudensiana, fundi wake, akaliinua kwenye mwanga.

"Mama, hili la kuchungulia kwa shingo iliyopinda?"

"Lifumue."

"Nitalifumua. Na hiyo simu iweke chini, haitagi."

Siku ya nne akampigia Ephraimu, bila salamu ndefu.

"Likikwama njiani?"

"Likikwama na tarehe ikapita, tovuti inazimika, barua pepe zinazimika, mpaka lilipiwe. Lakini mama, ulingoja nini muda wote huu?"

"Nisikuachie siku zangu."

"Usingeniachia hata moja. Ukihama unaondoka nazo. Hiyo uliyolipa ni ya mwaka mzima, na mwaka unaongezwa juu ya siku zilizobaki. Ungehama miezi mitatu iliyopita, leo ungekuwa umetulia."

Sia akasema, "Ungeniambia nilipokuwa natoka."

"Ulivyokuwa unatoka taratibu, nilidhani una mguu unauma."

Siku ya sita, wakati wa chai, ujumbe ukaingia: uhamisho umekamilika. Akafungua akaunti haraka, akatazama tarehe. Ilikuwa ileile, ila ya mwaka unaofuata. Siku sita za kukosa usingizi hazikuwa zimemwokolea hata siku moja.

Pudensiana alidhani sasa bosi wake atakunywa chai. Sia akafungua ukurasa wa bei, akatafuta swali aliloshindwa kuuliza. Kulipia upya: elfu sitini na mbili. Elfu tatu tu chini ya Ephraimu. Na kabla ya siku sitini haruhusiwi kuhama tena.

Akapiga simu amesimama.

"Ephraimu, mwakani nikirudi kwako, kuhamia utanitoza ngapi?"

"Mama Violet, mbona wino wa uhamisho wako haujakauka?"

"Safari hii sitangoja siku ya mwisho. Ngapi?"

Ephraimu akapumua. "Arobaini."

"Thelathini. Na mwaka wa pili unaniambia bei yake leo, unaniandikia."

"Kwani mimi nimekuwa soko la Kilombero?"

Sia alisikiliza pumzi ya Ephraimu kwenye simu, akingoja ashushe bei.