Bawabu Aliyezipa Ndege Mgongo

Kila ndege ikitua, bawabu wa mlango wa abiria huipa mgongo. Uwanja huu ulipokuwa wa jeshi alizilinda ndege usiku na mchana, na amri zake hazijastaafu: huwapanga abiria mstari mmoja, huwanyoosha mabega kwa kidole, na wote kwake ni makuruta, hata wenye mvi. Muuza magazeti, aliyekaa mkabala naye miaka yote, hujiuliza mtu anawezaje kulinda kitu nusu ya maisha yake, kisha asitake hata kukitazama.

Leo bibi mmoja aligoma mlangoni. Alikuwa anakwenda kupasuliwa macho, na mwanawe aliyekuwa asafiri naye hakutokea, kiti chake kikabaki wazi.

"Kuruta, mbele tembea!"

"Kuruta baba yako! Dude lile sipandi."

Abiria wakaangua kicheko. Injini zilishawaka, na daktari alimpangia bibi leo. Muuza magazeti akatega sikio, maana bawabu aliinama akasema kwa sauti ngeni kabisa: "Mama, hata mimi naziogopa. Miaka yote ile sikupanda hata moja."

Bibi akampapasa mkono. "Kumbe! Basi twende, mwanangu, tukaogope pamoja."

"Dada, nishikie mlango," bawabu akamwambia muuza magazeti.

Wakavuka lami polepole, wakapanda ngazi, bawabu macho kayafumba. Ngazi ikaondolewa. Muuza magazeti akabaki kaushika mlango, akingoja bawabu ashuke, mpaka ndege ikawa kama nzi juu ya vilima, kisha ikatoweka.