Ngazi za Kwenda kwa Mama

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina ghorofa tatu na ngazi za mbao zilizosimama kama ukuta. Chini ni duka langu la vitambaa, katikati twakaa mimi na mke wangu, na juu kabisa yuko mama, ambaye magoti yamemzuia kushuka kwa miaka mingi. Kila asubuhi nilikuwa nikipanda kumwamkia.

Siku moja nikiwa sokoni Marikiti nachagua machungwa, kifua kilinibana, jasho likanitoka, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Nikaketi juu ya gunia. Muuza vitunguu aliyekuwa karibu alinitazama mara moja tu, akaita tuk-tuk kwa kelele. Baadaye nilipomwendea kumshukuru, aliniambia baba yake alianguka vivyo hivyo, na wao wakadhani ni kiungulia.

Hospitalini walinizibua mshipa wa moyo. Nilirudi nyumbani hai, lakini mwoga. Hata kuinama kuvaa viatu niliogopa. Mke wangu akanitandikia kitanda nyuma ya duka, na mama akawa ananisemesha kutoka juu.

"Mwanangu, umeamkaje?"

"Alhamdulillahi, mama."

"Waja lini?"

"Nikipata nguvu, inshallah."

Akateremsha kikapu kwa kamba kupitia dirishani, kimejaa sambusa na mikate inayong'aa samli. Mke wangu akapanda kumweleza alivyosema daktari kuhusu mafuta na chumvi. Kesho yake kikapu kilikuja na papai na mbaazi za kuchemsha.

"Hazina ladha," mama alinitangazia, mtaa mzima ukasikia. "Lakini kula."

Nilipokwenda kliniki, nikaombwa kujiunga na utafiti. Walitaka kujua iwapo mazoezi ya pamoja huwasaidia watu waliougua moyo.

"Mtanipasua tena?" niliuliza.

Binti wa Kigiriama aliyesimamia mazoezi alicheka. "La, baba. Tutakutembeza tu."

Tulikuwa wachache. Mwenzangu alikuwa dereva wa lori kutoka Makupa, jitu la miraba minne, ambaye siku ya kwanza alilia mbele yetu kwa hofu ya kufa. Kumwona yeye akilia kulinipa ruhusa ya kusema kwamba nami naogopa. Tulipanda na kushuka kidato cha mbao huku tukibishana juu ya mpira, maana yule binti alitufundisha kwamba ukiweza kuzungumza huku wapanda, hujajizidishia.

Ijumaa moja baada ya sala nilivua viatu nikaanza kupanda ngazi zetu. Mke wangu alikuwa nyuma yangu, nami nikimweleza habari za vitambaa vipya ili nijipime pumzi. Tulipumzika ghorofa ya kati. Kisha mbao zikalia juu yetu.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

Nikamalizia vidato vilivyobaki. Nilimkuta amesimama mlangoni, kwa magoti yale yale, ameshika mwimo. Akaweka kiganja kifuani pangu, akakiacha pale kitambo.

"Moyo wapiga," akasema.

"Wapiga, mama."

Tangu hapo napanda kila asubuhi. Yule binti alinifunza mazoezi ya kufanya mtu akiwa amekaa kitini, nami nikamfundisha mama. Twaketi tukielekeana, twanyoosha miguu, yeye akilalamika, mimi nikimshukuru Mungu.