Nengah Sudiksa na Waya wa Volti Tano

Nengah Sudiksa hakuwa akimwamini mtu. Nasema hivi baada ya kufanya naye kazi miaka tisa, yeye fundi wa mitambo mizito, mimi mtunza stoo. Kahawa alikuja nayo mwenyewe kwenye chupa. Nikimpa sensa mpya, kile kipimio cha injini, bado imo ndani ya boksi lake, anaigeuzageuza, anainusa, halafu ananitazama usoni kama vile nimeitengeneza jikoni kwangu. "Mbok Luh, hii ni ya kweli?" Mbok, yaani dada, na swali lile lile, miaka tisa. Siku nyingine nilitamani nimtupie nayo.

Sababu alikuwa nayo, nisimwonee. Ujanani alimwamini mwenzake aliyeapa kwamba injini imezimwa. Akaingiza mkono kwenye feni, akautoa ukiwa na vidole vitatu.

Mwaka huo tulikuwa tunakata mlima wa chokaa kusini mwa Bali ili barabara ipite, na ekskaveta yetu kubwa ikaanza vituko. Asubuhi inawaka vizuri, inachimba kama saa nzima, halafu nguvu zinakata na skrini inaandika makosa mawili kwa mpigo: sensa ya presha ya oili na sensa ya presha ya hewa. Oili ipo sawa, hewa ipo sawa. Ukiiacha ipoe, inafanya kazi kama haijawahi kuugua. Nikatoa sensa mbili mpya. Nengah akazifunga. Kesho yake ikakata tena.

Kilichomtia shaka ni zamu. Mtambo ulikuwa ukikata asubuhi tu, mikononi mwa Komang Wirsa. Mchana, kwa opereta mwingine, kimya. Na Wirsa alikuwa ameomba likizo aende kwenye sikukuu ya hekalu la kijijini kwao, akanyimwa.

"Mtambo ukilala, opereta naye anapumzika," Nengah aliniambia kwa sauti ya chini. "Anajiendea zake hekaluni. Umeona?"

"Nimeona una roho mbaya, Bli," nikamjibu, nikimwita kaka kama kawaida yetu.

"Sensa mbili zife siku moja, dakika moja? Hapo kuna mkono wa mtu."

Maneno hayo akayapeleka kwa Pak Hartoyo, msimamizi wa mradi. Pak Hartoyo hajui sensa wala spana. Analolijua ni kwamba Nengah hajawahi kukosea. Akaamua: ikifika Jumamosi bila kupatikana sababu nyingine, Wirsa anafukuzwa, na wakandarasi wote kisiwani wataambiwa. Kwa opereta, hiyo ni kurudi kulima mpunga wa watu maisha yake yote.

Kuanzia hapo kantini ikabadilika. Watu wakawa wanakaa mbali na Wirsa. Hata mimi, na ninaona aibu kulisema, nikaanza kuhesabu plaizi kila alipopita mlangoni kwangu. Aliniona.

"Nigeuze na mifuko nje, Mbok?" akasema. "Au utaikagua mwenyewe?"

Nikainamia daftari la stoo.

Ijumaa asubuhi Nengah akaamua kumkamata papo kwa papo. Alivuta waya ndefu kutoka kwenye injini, akaziunganisha na mita yake ya kupimia umeme, akajibanza ndani ya kibanda cha opereta nyuma ya kiti. Mimi nilikuwa chini na boksi la sensa. Wirsa akaanza kupasua mwamba, mtambo ukitetemeka mpaka meno yangu yakagongana.

"Unatazama mikono yangu, Bli, au mita?" nikamsikia akipiga kelele.

"Vyote viwili!"

Nguvu zikakata. Mikono ya Wirsa ilikuwa juu ya vishikio, yote miwili. Nengah akazima injini, akaacha umeme umewaka, akamshusha Wirsa chini na kuniita mimi.

"Mbok Luh, panda ukae kwenye kiti. Mtu asiguse ufunguo. Nisomee mita."

"Inasema mbili."

"Inatakiwa tano." Akashuka, akaingia kwenye injini. Sensa hizo zote hupata umeme kwenye waya mmoja wa volti tano, kama nyumba zilizounganishwa kwenye bomba moja la maji. Sensa moja ikifa vibaya inazinyima nyingine, na zinazolia kwenye skrini huenda ndizo zisizo na kosa. Ukiichomoa yenye ugonjwa, tano zinarudi.

"Nimechomoa ya oili!"

"Mbili!"

"Ya hewa!"

"Mbili vilevile!"

Ilikuwepo ya tatu, ya dizeli, ambayo skrini haikuwahi kuitaja. Akaichomoa.

"Bado mbili, Bli!"

Basi sensa zote hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye waya wenyewe. Nikamsikia akiufuata kwa vidole vyake vitatu kuelekea nyuma ya pampu ya maji. Nikachomoa ufunguo, nikashuka kumtazama.

Kulikuwa na waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara mbili. Ulikuwa umekata ganda la ule waya wa umeme mpaka kwenye shaba. Siku ya kubariki vyuma, sikukuu yetu ya kuombea zana, kabla vituko havijaanza, sisi wote tulifunga mapambo ya makuti mbele ya mitambo. Nengah, kwa kuwa haamini mkono wa mtu, alifunga lake mwenyewe ndani, kwenye injini. Makuti aliyatoa, waya akausahau. Zamu ya asubuhi ilipasua mwamba, mtikisiko ukaukaza, umeme ukavujia kwenye chuma. Zamu ya mchana ilizoa udongo laini, ukatulia.

Alikuwa ameshika plaizi. Nilifikiri ataukata autie mfukoni, na Mungu anisamehe, nilijiandaa kumpigia kelele. Aliukata, akaenda nao moja kwa moja ofisini, akauweka juu ya meza ya Pak Hartoyo.

"Ni mimi, Pak. Wirsa hana kosa."

Kisha akaja kantini, wote tupo, akasimama mbele ya Wirsa aliyekuwa anakula wali.

"Komang, nisamehe. Waya ulikuwa wangu."

"Najua. Niliuona Jumatatu nikikagua maji. Aliyefunga pambo ndani ya injini ni wewe tu."

"Uliuona? Ukakaa kimya, na kesho unafukuzwa?"

"Ningeukata, mngesema naficha ushahidi. Ningemwambia Pak, angekuuliza wewe." Wirsa akaweka kijiko chini. "Na ningekuambia wewe, Bli, ungesemaje?"

Sote tukamtazama Nengah.

"Ningesema umeufunga wewe," akajibu.