Swala wa Bwana na Nondo wa Mwamini

Asmani wa Rumonge alikuwa mchuna ngozi wa Bwana mmoja Mdachi aliyependa wanyama kupita kiasi. Aliowapenda zaidi ni swala wa msitu wa Kigwena, kwa kuwa walikuwa wamebaki wachache mno. Kwa mapenzi hayo, akampiga mmoja risasi. Alitaka ngozi nzima, ikajazwe majani makavu na kusimamishwa Ulaya, watu wamtazame na kumhurumia.

Swala alipoanguka, Asmani alimkimbilia na kisu, akamlaza kuelekea kibla, akapiga bismillahi na kumchinja. Angefanyaje? Mwislamu hali kibudu.

"Umeharibu shingo!" Bwana alifoka. "Sasa iko lazima nipige mwingine, na hawa wanakwisha!"

Akampiga mwingine, kwa uchungu mkubwa.

Nyumbani, Mwamini mkewe alikuwa akilalamikia majani ya kunde yaliyochorwa mistari myeupe. Ndani ya kila mstari alikaa kiwavi mwembamba kama uzi, akila kwa raha zake mpaka awe nondo mdogo kuliko punje ya mchele. Asmani alimpelekea Bwana jani moja. Bwana alilitazama, akalitupa.

"Hawa ni wengi. Hawana maana."

Asmani akaelewa. Swala kapendwa, anakwisha. Nondo kadharauliwa, anashiba.

Wiki iliyofuata Bwana alimshika bega, akamwambia kwamba anawapenda sana watu wa Rumonge. Asmani alimshukuru kwa adabu zote, akaenda moja kwa moja nyumbani kumwambia Mwamini afunge mizigo.