Kinyozi Aliyeipa Televisheni Mgongo

Kinyozi wetu ameipa televisheni mgongo tangu afungue duka, na hataki kusikia habari ya kuihamisha. "Nikiangalia mpira, sikio lako ataliangalia nani?" Sisi wateja tunautazama mpira kwenye kioo, ndiyo maana kwetu winga wa kushoto hucheza kulia. Yeye husikiliza tu, vidole viwili vimetulia utosini mwako kama vya mtu anayechagua tikiti sokoni. Sauti ya mtangazaji ikianza kupanda, wembe nao huinuka, husubiri hewani, kisha hushuka polepole.

Siku ya fainali ya bara nilikuwa kitini, shavu moja safi, la pili povu tupu. Timu zilikuwa sare na mpira bado uko katikati ya uwanja. Wembe ukainuka. "Hili linaingia, mjomba," akasema, kama mtu anayetaja bei ya kunyoa. Likaingia. Duka zima likamwagika nje, nami nikajikuta barabarani na taulo shingoni, nakumbatiwa na watu nisiowajua, nawapaka povu. Kipenga cha mwisho kilitukuta hukohuko. Niliporudi, nilimkuta ameketi kwenye kiti changu. Hata hapo hakuwa amegeuka. Alikuwa akimtazama nahodha wetu kwenye kioo, akiinua kombe, na macho yake yalikuwa yamelowa. Akanyanyuka taratibu, akapangusa kiti. "Kaa, mjomba. Bingwa wa bara hatembei na ndevu upande mmoja."